Udereva wa Trela za Masafa Marefu Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya vijana wanaofikiria kuingia katika kazi ya trela, kwa madereva waliomo tayari, na kwa jamaa zao wanaobaki nyumbani wakihesabu siku. Majibu hayakufupishwa kwa usawa. Pale ambapo jambo lina uzito, tumekaa nalo.

Dereva wa masafa marefu wa Uganda huendesha kwenye njia zipi?

Njia kuu ni Ushoroba wa Kaskazini, unaoanzia bandari ya Mombasa, ukapita Nairobi, Nakuru na Eldoret, ukaingia Uganda kwa Malaba au Busia na kufika Kampala kupitia Jinja. Umbali huo ni takriban kilomita 1,170. Kutoka Kampala barabara hugawanyika: wanaokwenda Rwanda hupita Masaka na Mbarara hadi Katuna au Mirama Hills, wanaokwenda mashariki mwa Kongo hutokea Mpondwe, wilayani Kasese, na wanaokwenda Juba, Sudani Kusini, safari ya zaidi ya kilomita 600 kutoka Kampala, hupita Karuma na Gulu hadi mpaka wa Elegu. Wapo pia wanaopakia Dar es Salaam na kuingia nchini kwa Mutukula.

Kama umbali ndio huo, kwa nini safari huchukua siku nyingi?

Kwa sababu trela husimama kwa muda mrefu kuliko linavyotembea. Hili ndilo jambo ambalo mtu wa nje halioni, naye huenda akaendelea kuamini kwamba ugumu wa kazi hii uko kwenye usukani. Dereva mzoefu hachoshwi sana na usukani. Anachoshwa na foleni ya kuingia bandarini, foleni ya mizani, foleni ya mpakani, kisha foleni ya kushusha mzigo mbele ya bohari ya mtu ambaye hana haraka yoyote.

Ni haki kusema kwamba mambo yamekuwa mazuri kuliko zamani. Tangu Himaya Moja ya Forodha ilipoanza kufanya kazi mwaka 2014, kodi ya mzigo wa Uganda hukadiriwa na kulipwa kabla trela halijaondoka Mombasa, na maofisa wa nchi mbili hukaa katika kituo kimoja pale Malaba na Busia badala ya kumsumbua dereva mara mbili. Serikali za ukanda huu zilitangaza kwamba muda wa mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala ulishuka kutoka siku 18 hadi siku 4 hivi. Hata hivyo, takwimu ya namna hiyo hufuata safari ya mzigo, wakati siku za dereva huanza kabla mzigo haujapakiwa na huendelea hadi kontena tupu lirudishwe. Mtandao wa forodha ukikwama, au wakala akikosea tarakimu moja kwenye karatasi, dereva ndiye anayelala chini ya tela, ile sehemu ya nyuma inayovutwa, akisubiri irekebishwe, ingawa si yeye aliyeijaza.

Barabara nayo ina mambo yake. Mwezi Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yaliikata barabara ya Kampala–Masaka, na malori yakazungushwa kwa njia za ndani za Mpigi na Sembabule. Mwaka 2024 ikawa zamu ya daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963, kufungwa kwa matengenezo. Katika nyakati kama hizo mafuta ya dizeli huzidi makadirio, na mazungumzo kuhusu nani atalipa ziada hiyo huwa marefu kuliko njia yenyewe ya kuzunguka.

Malipo yakoje?

Kwa kawaida malipo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni mshahara wa mwezi, ambao kwa kampuni nyingi ni mdogo, na kwa matajiri wenye lori moja au mawili mara nyingine haupo kabisa. Ya pili ni mileji, yaani posho ya safari, ambayo dereva hupewa kabla ya kuondoka, siku hizi aghalabu kwa pesa za simu. Posho hiyo ndiyo inayomlisha njiani, ndiyo inayolipa maegesho ya usiku, pancha, vijana wa kufunga turubai na, tuseme ukweli, kitu kidogo barabarani. Kinachobaki ndicho anachopeleka nyumbani.

Hebu fikiri maana yake. Posho imepangwa kwa safari, haikupangwa kwa siku. Dereva akikaa Elegu siku tatu au akikaa siku kumi, mileji ni ileile. Kila siku ya kusubiri inakatwa kwenye unga na ada za shule za watoto wake, hali tajiri analipwa na mwenye mzigo kwa kiasi kilekile walichokubaliana. Wapo wenye malori ambao hudai fidia ya ucheleweshaji kutoka kwa mteja wakaipata, na dereva aliyekaa na trela asione hata shilingi. Ndiyo maana anayeuliza kazi hii inalipa kiasi gani anapaswa kuuliza pia swali la pili: je, siku za kusimama zinalipwa, na zinaanza kuhesabiwa lini? Kampuni zenye utaratibu mzuri zina jibu la swali hilo, tena limeandikwa. Zisizo na utaratibu hucheka.

Sheria ya Uganda inasema nini kuhusu saa za kazi na haki za dereva?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kiwango cha kawaida, inatoa likizo ya mwaka ya siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Mchango wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na asilimia 5 kutoka kwa mshahara wa mfanyakazi, na tangu marekebisho ya mwaka 2022 kila mwajiri anahusika, hata mwenye mfanyakazi mmoja tu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi nayo inasema kwamba mtu akifa kazini, wategemezi wake walipwe kiasi cha mapato yake ya miezi 60.

Tatizo liko kwenye neno mapato. Kama mshahara ulioandikwa ni mdogo na fedha kubwa hupitia kwenye mileji isiyo na karatasi, basi hata akiba ya NSSF na fidia ya mjane hupigiwa hesabu juu ya ule mdogo, na posho ni vigumu kuithibitisha baada ya msiba. Kijana anayefurahia kupewa fedha mkononi bila kusaini chochote hajui kwamba anawapunguzia watoto wake urithi. Dereva mwenye mgogoro anaweza kwenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya, na chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, ATGWU, huandikisha madereva wa masafa marefu.

Mizani ina shida gani, ikiwa mzigo haukuzidi?

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56 kwa trela la ekseli 7, lakini kila kundi la ekseli lina kikomo chake pia. Unaweza kuwa chini ya tani 56 kwa jumla na bado ukakamatwa kwenye mizani ya Busitema au Magamaga kwa sababu mzigo ndani ya kontena umesogea nyuma kwenye miteremko. Dereva wa mzigo wa kawaida angepanga upya. Dereva wa kontena lililofungwa kwa lakiri ya forodha haruhusiwi hata kuugusa mlango, kwa hiyo anaadhibiwa kwa upakiaji ambao hakuuona ukifanyika.

Je, dereva anaweza kupita nyumbani akiwa njiani?

Akiwa na mzigo wa forodha, kwa kawaida hawezi. Mizigo ya aina hiyo hufungwa kifaa cha kielektroniki kinachotuma mahali ilipo. Mfumo huo wa pamoja wa Kenya, Uganda na Rwanda ulianza mwaka 2017. Trela likiacha njia iliyoidhinishwa, au kifaa kikiguswa, tahadhari hulia kwenye chumba cha udhibiti cha Mamlaka ya Mapato (URA) na askari wa doria hutumwa. Matokeo yake ni kwamba mtu wa Iganga hupita nyumbani kwao mara nyingi kwa mwezi, akaona paa la jirani, akampigia mkewe honi, na kuendelea. Baadhi ya wake hutoka na watoto hadi kando ya barabara kuu, wakampa chakula kilichofungwa kwenye majani ya ndizi na nguo safi, na mazungumzo yote ya ndoa yakafanyika kwa dakika chache mlangoni mwa kichwa cha lori.

Dereva hulala na kula wapi?

Hulala ndani ya kichwa, nyuma ya viti, na wakati wa joto la Elegu hulala kwenye mkeka chini ya tela. Hoteli ni gharama, na zaidi ya hapo, anayeacha trela bila mtu atakuta tangi limenyonywa dizeli au betri zimeng'olewa. Wengi hubeba jiko dogo, sufuria, unga na dagaa katika sanduku la chuma lililo ubavuni mwa tela. Namawojjolo na Lukaya kuna kuku na nyama za kuchoma kwenye vijiti, tamu kweli, lakini atakayekula huko kila safari atafika Mombasa bila mileji. Vyoo na bafu safi ni haba kuliko chakula, na ni ajabu kwamba barabara inayobeba uchumi wa nchi kadhaa haijampa aubeba­ye mahali pa kuoga.

Ni kweli kwamba madereva hutumia mairungi (miraa) ili wasilale?

Wapo wanaotumia. Sababu kubwa ni ileile ya kusubiri: aliyepoteza siku tatu mpakani hutakiwa kuzifidia kwa kuendesha usiku kucha, na tajiri anayepiga simu kila saa kuuliza umefika wapi hataki kusikia habari za usingizi. Majani hayo huondoa hisia ya uchovu bila kuuondoa uchovu wenyewe, na dereva anaweza kuwa macho wazi huku akili imelala. Kuna jambo la kisheria pia. Nchini Kenya kilimo na biashara ya zao hilo ni halali, ilhali Uganda imelibana kwa sheria yake mpya ya dawa za kulevya. Aliyenunua furushi upande mmoja wa Malaba kama mteja wa kawaida anaweza kuvuka upande wa pili akiwa mhalifu.

Kwa nini safari ya Juba huogopwa?

Kwa sababu tatu, na ya kwanza ni risasi. Barabara ya kutoka Nimule, ng'ambo ya Elegu, hadi Juba, ya kilomita 192, iliwekwa lami mwaka 2012 na kwa hali yake si mbaya, lakini imekuwa na mashambulizi ya watu wenye silaha ambamo madereva wa Uganda na Kenya wameuawa na malori kuchomwa. Mwaka 2021 madereva waligoma na kusimamisha malori Elegu wakidai ulinzi. Misafara ya kusindikizwa na askari husaidia, ila msafara huendeshwa kwa ratiba ya askari, na trela likiharibika katikati ya msafara, wenzake hawasimami.

Sababu ya pili ni vizuizi. Baada ya Juba, kuelekea miji ya ndani, kila kizuizi huwa na ada yake, wakati mwingine yenye stakabadhi na wakati mwingine yenye bunduki pekee. Dereva asiyejua Kiarabu cha Juba hujadiliana kwa ishara. Masika yakiingia, malori huzama kwenye matope, yakasubiri udongo ukauke.

Sababu ya tatu haisemwi sana, nayo ni upande wa barabara. Uganda na Kenya tunapita kushoto. Sudani Kusini, Rwanda na Kongo wanapita kulia. Malori yetu yana usukani kulia, kwa hiyo ukishavuka Elegu unajikuta umekaa upande wa majani, na barabara anayotokea mwenzako huioni. Ukitaka kulipita lori lililo mbele, lazima utokeze kichwa chote kwanza ndipo ujue kama kuna gari linakuja. Zamani tanboi, yaani msaidizi wa dereva, ndiye aliyekuwa jicho: hukaa kiti cha kushoto, huchungulia, akasema “twende” au “bado, bado”, na dereva aliishi kwa kauli hiyo. Wamiliki wengi wamemwondoa tanboi ili kupunguza gharama. Dereva aliye peke yake ama hakai nyuma ya lori bovu, ama anakaa nyuma yake hadi Juba. Ushauri wa wazee wa njia hii ni huo wa pili.

Na Kongo je?

Barabara ya kutoka Mpondwe kupitia Kasindi hadi Beni imeshambuliwa mara nyingi na waasi wa ADF. Bunagana, mji wa mpakani upande wa Kisoro, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Juni 2022. Kiswahili humsaidia sana dereva huko, kwani anaweza kuulizia hali ya njia kwa watu wa kawaida kabla ya kuwauliza wenye sare. Utaratibu mzuri ni kutovuka jioni, hata kama karatasi zimekamilika.

Kazi hii huharibu afya kwa namna gani?

Mgongo na figo ndizo hulalamika kwanza, kwa kukaa muda mrefu na kujizuia kunywa maji ili mtu asitafute choo. Shinikizo la damu na kisukari hufuata, na mara nyingi hugunduliwa baada ya ajali.

Kuhusu UKIMWI, ni lazima kusema bila kuuma maneno. Wagonjwa wa kwanza kutambulika Uganda walikuwa Kasensero, wilaya ya Rakai, mwaka 1982, na miji ya kusimama malori, kama Lyantonde na Naluwerere, ilipata sifa mbaya iliyobandikwa kwa madereva wote. Maambukizi katika kundi hili ni ya juu kweli. Lakini mji wa namna hiyo hukua pale malori yanapolazimishwa kusimama, na mtu aliyekwama siku nyingi, mbali na kwake, hashangazi anapotafuta mwenzi. Kwa dereva anayetumia dawa za kufubaza virusi, hatari kubwa ni dawa kumwishia akiwa foleni. Aombe kituoni kwake apewe za miezi kadhaa kwa pamoja, na asizihifadhi kwenye kisanduku kilicho juu ya injini, ambako joto huziharibu.

Wakati wa UVIKO-19 madereva walipimwa mpakani na kutazamwa kama ugonjwa wenyewe unaotembea kwa magurudumu. Mwezi Januari 2022, Uganda ilipotaka kila anayeingia apimwe kwa malipo, madereva waligoma, foleni ya Malaba ikarudi nyuma makumi ya kilomita ndani ya Kenya, na petroli ikaadimika Kampala. Masharti yalilegezwa haraka sana baada ya vituo vya mafuta kukauka.

Ikitokea ajali, kwa nini dereva hukimbia?

Wengi hukimbia wakiogopa kuuawa na umati kabla polisi hawajafika, na hofu hiyo haikutungwa. Hata hivyo sheria inataka dereva asimame, asaidie na atoe taarifa. Maisha yake yakiwa hatarini, aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu na kujisalimisha; akijificha kwa siku kadhaa, kesi ya uzembe hugeuka kuwa nzito zaidi.

Dereva wa lori la mafuta ana jukumu la ziada. Pale Namungoona, Kampala, mwezi Juni 2013, zaidi ya watu 30 walifariki baada ya lori kushika moto huku watu wakichota petroli iliyomwagika, na mwezi Oktoba 2024 jambo la aina hiyohiyo lilitokea Kigogwa. Kazi ya kwanza ya dereva anayeweza kutembea ni kuzima injini na kuwafukuza watu, hata wakimtukana.

Mafuta au mzigo ukipungua, nani hulipa?

Mara nyingi dereva hukatwa, bila uchunguzi. Wapo madereva wanaouza dizeli, hatuwezi kukana. Mtu aliyelipwa nusu hutafuta nusu ya pili kwenye tangi. Wapo pia wanaoibiwa wakiwa usingizini, au kwenye mlima ambako trela hupanda kwa mwendo wa mtu na vijana huparamia turubai. Jilinde kwa karatasi: piga picha ya geji ya mafuta, ya lakiri na namba yake, na ya hati ya mzigo unapoondoka na unapofika, kisha zitume kwa tajiri papo hapo.

Je, wanawake wanaendesha trela?

Wapo, wachache. Kinachowazuia si uzito wa usukani, kwa kuwa malori ya sasa yana usukani mwepesi. Ni ukosefu wa mahali salama pa kulala na kuoga, suala ambalo hata wanaume wangefaidika nalo likitatuliwa.

Reli mpya itaua kazi hii?

Mwezi Oktoba 2024 Uganda ilisaini mkataba na kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Reli ya Kenya, kwa upande wake, ilifika Naivasha mwaka 2019, na malori yangali barabarani. Kijana anayeanza leo asiogope kukosa kazi, ila atarajie safari ndefu za Mombasa kupungua kadiri reli itakavyokamilika, na zile za Juba, Kongo na mikoani kubaki.

Anayetaka kuanza afanye nini?

Pamiti ya magari makubwa ya mizigo ni daraja la CH, na kuvuta tela huhitaji daraja la E. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ziwe tayari. Nyaraka za bima ya kuvuka mipaka aulizwe tajiri. Zaidi ya karatasi, tafuta dereva mzee akubebe kama tanboi kwa safari kadhaa, hasa ya Elegu. Huko utajua kama unaweza kusubiri.

Familia ifanye nini dereva asipopatikana kwenye simu?

Msianze kwa kudhani mabaya. Kuna vipande virefu bila mtandao kaskazini mwa Gulu na ndani ya Kongo. Kabla hajaondoka, andikeni kwenye daftari namba ya kichwa, namba ya tela, namba ya kontena, jina la wakala wa forodha na simu za madereva wawili wanaokwenda njia hiyohiyo. Akipitisha siku mbili kimya, anzeni na madereva hao, kisha tajiri, kisha polisi wa mpaka aliokuwa akielekea. Tajiri akisema hajui trela lake liko wapi, mwambieni afungue mfumo wa ufuatiliaji mbele yenu.